Nani mwenye mkono wa birika Msimbazi?

Mohamed Hussein alifika Simba mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar, beki wa kushoto ambaye watu walishamzoea kwa jina la Tshabalala. Akakaa misimu 11. Akavaa kitambaa cha unahodha, akabeba ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, akawa miongoni mwa wachache ambao hata shabiki wa Yanga aliwataja kwa adabu. Katikati ya 2025 mkataba wake ukaisha, maneno yakawa mengi, na haukupita muda Yanga wakamtambulisha akiwa ndani ya kijani na njano.

Yaliyozungumzwa mezani wanayajua waliokaa mezani. Vijiweni hakukusubiriwa ushahidi. Tandika, Mtoni, Mwananyamala, Magomeni, kokote penye birika la kahawa na benchi la mbao, hukumu ilitoka siku ileile, na mshitakiwa hakuwa mchezaji. Alikuwa tajiri.

Tajiri wa Wanasimba ni mmoja tu, Mohammed Dewji, au Mo, mwenye kampuni za MeTL, mtu ambaye jarida la Forbes limemweka kwa miaka mingi kwenye orodha ya mabilionea wa dola barani Afrika. Shitaka dhidi yake hurudi kila dirisha la usajili linapofunguliwa: hela anayo, hatoi. Wazuri wanaachwa waende, wanaoletwa ni wa bei ya kawaida, na huku majirani wa Jangwani, Yanga, wakipokea watu uwanja wa ndege kwa maua na vuvuzela. Mkono wa birika, basi.

Ukitaka kuisikia kesi yenyewe ikiendeshwa, nenda asubuhi kwenye meza ya magazeti, iwe Temeke Mwisho au Mwananyamala Komakoma. Magazeti yametandazwa, mengine yamebanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wanaume kumi au kumi na watano wamesimama mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele za magazeti ya michezo neno kwa neno, mpaka yale maandishi madogo ya pembeni. Mmoja anasema Mo angekuwa na uchungu na Simba angemaliza suala la kiungo kwa simu moja. Mwingine anamjibu kwamba huyo kiungo anataka mshahara wa timu tatu. Sauti zinapanda, mtu anavua kofia kuonyesha amekasirika kweli. Muuza magazeti anawatazama tu. Saa nzima ya ubishi ikipita, akiuza nakala mbili anashukuru Mungu.

Hao ndio wanaosema tajiri ni bahili. Nitawarudia.

Bilioni 20

Ugomvi huu una tarehe. Desemba 3, 2017 wanachama wa Simba walikusanyika katika ukumbi wa mikutano wa kimataifa wa Julius Nyerere, katikati ya jiji, wakatangaziwa kuwa Mo ameshinda zabuni ya kuwekeza Sh20 bilioni. Mwanzoni alitaka asilimia 51, yaani neno la mwisho. Serikali ikakataa. Kanuni za michezo zikaweka wazi kwamba katika klabu za wanachama, wenyewe wabaki na asilimia 51 na upande wa uwekezaji usivuke 49. Akakubali 49. Watu wakashangilia kana kwamba fedha imeshaingia benki jioni ile.

Haikuingia jioni ile. Kuigeuza klabu ya wanachama kuwa kampuni kuna milolongo yake: katiba mpya, msajili, Tume ya Ushindani, tathmini ya mali, daftari la wanachama. Miaka ikayoyoma. Swali la "bilioni 20 ziko wapi?" likaanza kama utani wa watu wa Jangwani, na polepole likahamia midomoni mwa Wanasimba wenyewe. Mwaka 2021 Mo akaonekana mbele ya kamera akikabidhi mfano wa hundi ya kiasi hicho. Ungedhani mjadala umefungwa. Watu wakahamia swali la pili: zimewekwa wapi, zinazalisha nini, na nani anasaini zikitoka?

Ila haki yake apewe. Timu isiyolipwa mishahara haimfungi Al Ahly mara mbili pale Uwanja wa Mkapa, na Simba ilifanya hivyo, Februari 2019 na Februari 2021. Kuanzia msimu wa 2017/18 ilichukua ligi mara nne mfululizo. Ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019, 2021, 2023 na 2024, na katikati hapo, 2022, robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Mechi za nyumbani zilichezwa Temeke, na watu wa Keko, Chang'ombe na Miburani walisikia kila bao kabla televisheni haijalionyesha. Hakuna kizazi cha Wanasimba kilichopata usiku mwingi wa namna hiyo kwa mfululizo. Nani alilipa? Mwenye pochi ileile inayolalamikiwa leo.

Kilichoanza kuharibu ladha ni mwaka huohuo wa 2021. Luis Miquissone, aliyefunga bao la pili kati ya yale dhidi ya Al Ahly, akauzwa kwa Al Ahly haohao. Clatous Chama naye akaenda RS Berkane ya Morocco. Kwa mfanyabiashara, hapo hakuna kosa: umenunua kwa bei ndogo, umeuza kwa bei kubwa, kitabu kinasoma faida. Kwa shabiki wa Tandika ilikuwa ni kuuza ng'ombe wa maziwa huku watoto wameshika vikombe. Akauliza fedha ya mauzo imemleta nani, na jibu akaliona uwanjani: Yanga, ikibebwa na fedha ya GSM ya Ghalib Said Mohammed, ikachukua ubingwa wa 2022, 2023, 2024 na 2025. Novemba 5, 2023 ikamfunga Simba 5-1. Msimu huo Simba ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam.

Kutoka 5-1 ile, kila shilingi ya Mo imekuwa ikipimwa kwa shilingi ya GSM. Hapo ndipo neno "bahili" lilipopata nguvu. Bahili wa kijiweni si mtu asiyetoa kabisa. Ni mtu aliyetoa kidogo kuliko jirani.

Kuna jambo moja la mwaka 2020 ambalo naona watu wamelisahau upesi mno. Januari 13 Simba ilifungwa 1-0 na Mtibwa Sugar katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Usiku ule Mo aliandika kwenye ukurasa wake wa Twitter kwamba anajiuzulu uenyekiti wa bodi na kubaki mwekezaji tu, akaeleza kusikitishwa kwake baada ya kulipa mishahara ya karibu Sh4 bilioni kwa mwaka. Jiji likataharuki. Baadaye akabadili msimamo, maisha yakaendelea, lakini yale maneno yalishasema kitu. Hakuongea kama mwenye hisa anayeangalia kampuni yake imepata hasara. Aliongea kama mfadhili aliyetoa na hakuona shukrani.

Na ukiwasikiliza mashabiki vizuri, nao huongea hivyohivyo kutoka upande wa pili. Hawaongei kama wamiliki wenzake. Wanaongea kama watu wanaosubiri kugawiwa.

Fedha ikiwa mtaji, wenye hisa wengine wana haki ya kuona hesabu na kuuliza maswali ya kuudhi. Ikiwa ni msaada, hakuna wa kumdai mwenzake msaada. Unapewa, unasema ahsante, usipopewa unanyamaza. Simba imekaa miaka yote hii katikati ya hayo mawili. Mo anadaiwa kama mwekezaji, anaimbiwa kama mfadhili, na mwenyewe hujibu mara kwa kofia hii, mara kwa ile. Aliondoka uenyekiti wa bodi Septemba 2021 akamwachia Salim Abdallah, maarufu kama Try Again; mambo yalipoharibika akarudi Juni 2024. Kwenye kampuni ya kawaida mabadiliko ya namna hiyo yangekuja na waraka na maelezo kwa wanahisa. Sisi tulipata mapokezi.

Mbagala imeshaona hii sinema

Wanaodhani dawa ya tajiri mgumu ni kumpata tajiri anayemwaga, wafike Mbagala waulize habari za Yusuf Manji.

Manji aliingia uenyekiti wa Yanga mwaka 2012. Mwaka 2015 akawa diwani wa Mbagala Kuu, kwa hiyo watu wa Kilwa Road walikuwa naye kwenye mpira na kwenye kata. Huyu hakuwa na mkono wa birika hata kidogo. Juni 28, 2016 Yanga ilipocheza na TP Mazembe katika Kombe la Shirikisho, milango ya Uwanja wa Taifa ilifunguliwa bure. Mchana tu uwanja ulikuwa umejaa, na nje walibaki watu wa kutosha kujaza mwingine. Yanga ikafungwa 1-0, lakini siku ile nani aliyejali? Tajiri amewaalika watu kwake, wamekuja.

Wiki chache baadaye Manji aliomba akodishiwe timu kwa miaka 10, jina na nembo, na klabu ipate asilimia 25 ya faida. Wanachama, wakiwa bado na utamu wa milango ile, walikubali kwa shangwe. Mamlaka za michezo ndizo zilizotia breki. Nawashukuru mpaka leo, ingawa wakati ule waliitwa maadui wa maendeleo.

Maana Mei 2017, akiwa ameandamwa na kesi na misukosuko, Manji alijiuzulu. Yanga iliyokuwa inaishi kifahari ikageuka ya kutembeza bakuli. Mishahara ikachelewa, wachezaji wakagoma mazoezi, na katika msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera alikuwa anafundisha mpira huku akihamasisha michango. Watu wakachangia kwa simu, elfu moja, elfu mbili. Kinachoshangaza zaidi kilitokea Juni 2018 kule Bwalo la Polisi, Oysterbay: wanachama walikutana wakakataa kwa kauli moja kupokea barua ya kujiuzulu kwa mtu aliyekwisha kuondoka mwaka mzima. Hawakuwa na mpango mwingine. Manji alifariki dunia Juni 2024, Florida, Marekani, na hata waliomlaumu walimlilia, kwa sababu alitoa kweli.

Kabla ya Manji, Mbagala ilikuwa na timu yake yenyewe, Mbagala Market, jina lake likieleza ilikotoka. Ikapanda. Kisha ikanunuliwa, ikabadilishwa jina kuwa African Lyon. Mnunuzi alikuwa Mo Dewji huyuhuyu. Kijana wa hapohapo, Mbwana Samatta, alipitia timu hiyo kabla ya kwenda Simba, TP Mazembe, Genk na Aston Villa. Mo baadaye akaiuza African Lyon kwa mtu mwingine, na leo ukimuuliza mtoto wa Rangi Tatu timu ya Mbagala ni ipi, atakutajia Simba au Yanga. Kuuza ni haki ya mwenye mali. Ila Mbagala Market haikuwa na wanachama wenye asilimia 51 wa kusema ngoja kwanza.

Mazoea haya ya kumtegemea mtu mmoja hayakuanza jana. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan, ikatoka 0-0 ugenini, ikalala 2-0 nyumbani mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Wazee wakisimulia mechi ile hawaanzi na mabao. Wanaanza na magari aina ya KIA ambayo mfadhili Azim Dewji aliwaahidi wachezaji wakishinda. Miaka zaidi ya 30 imepita, na bado ahadi ya tajiri ndiyo inayokumbukwa kabla ya mpira wenyewe.

Mwisho wa Mbagala, Chamazi, kuna Azam FC. Familia ya Bakhresa imejenga uwanja, mabweni na shule ya soka, ikachukua ubingwa wa 2014 bila kupoteza mechi, na mwaka 2025 ikamleta Florent Ibenge, mmoja wa makocha wenye jina Afrika. Mishahara haisikiki ikichelewa. Lakini Simba ikienda Chamazi, majukwaa huwa mekundu. Huwezi kununua shabiki, na pengine ndiyo maana Azam haina kelele za "toa hela": hakuna wa kuzipiga. Kinondoni nako kuna KMC, timu ya manispaa. Mlipa kodi wa Mwananyamala ni mmiliki wa klabu ya mpira, na sijapata kumsikia akilalamika kwamba diwani wake hasajili.

Waliouziwa timu wakiwa na tiketi mkononi

Kilio hiki hakiko Afrika peke yake. Mashabiki wa Manchester United wa vibanda umiza vya Manzese wanaijua familia ya Glazer kuliko wanavyomjua mbunge wao. Ila mfano unaonigusa zaidi unatoka kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii, besiboli. Hapa Dar es Salaam uwanja wa kwanza wa mchezo huo ulizinduliwa 2018 pale Azania Sekondari kwa msaada wa Wajapani, na umebaki kuwa mchezo wa wanafunzi wachache. Marekani ni dini.

Mjini Oakland, California, kulikuwa na timu inayoitwa Athletics. Mmiliki wake, John Fisher, mtoto wa familia iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap, alisifika kwa kubana matumizi. Wachezaji wazuri waliuzwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2023 bajeti yake ya mishahara ilikuwa ya chini kuliko timu zote za ligi kuu. Uwanja ulichakaa, watu wakaacha kwenda, na mmiliki akaonyesha viti vitupu kama sababu ya kuhama. Juni 13, 2023 mashabiki wakafanya kinyume cha mgomo: wakaenda. Watu 27,759 walijaa, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno moja, "uza". Waliimba uza, uza, mpaka mechi ikaisha, na timu yao mbovu ikashinda 2-1.

Fisher hakuuza. Tangu 2025 Athletics inacheza Sacramento, ikisubiri uwanja mpya ujengwe Las Vegas. Oakland imebaki na fulana.

Shabiki wa Oakland hakuwa na hisa hata moja. Alichokuwa nacho ni koo. Mwanasimba ana asilimia 51, angalau kwa mujibu wa kanuni na makubaliano yale. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa ipite hivihivi, na ndiyo inayonifanya nishindwe kuungana na wanaomwimbia Mo "toa".

Tupige hesabu kidogo. Kama asilimia 49 ni Sh20 bilioni, basi 51 ya wanachama ina thamani ya takriban Sh20.8 bilioni. Wanachama hawakuleta fedha hiyo kwa begi. Walileta jina lililojengwa tangu 1936, jengo la Msimbazi, na mamilioni ya watu wanaoamka na Simba na kulala nayo. Na jina hilo linalipa. Mwaka 2022 kampuni ya M-Bet ilitangaza udhamini wa Sh26.1 bilioni kwa miaka mitano. Haikufika mwisho, na 2025 Betway wakachukua nafasi. Aprili 2025 Jayrutty wakasaini mkataba wa jezi wa Sh38 bilioni, nao wa miaka mitano. Karatasi hiyo moja ya jezi inakaribia mara mbili ya bilioni 20 za Mo. CAF nayo msimu wa 2024/25 ililipa dola milioni 1 kwa anayepoteza fainali ya Kombe la Shirikisho, na Simba ilipoteza fainali hiyo Mei 2025.

Nani atakayeirudisha Sh38 bilioni ya Jayrutty? Mama lishe wa Temeke Sterio anayemnunulia mwanawe jezi. Dereva wa bodaboda wa Tegeta. Mfuko mkubwa kuliko yote Simba ni wao. Lakini hawajawahi kujiona hivyo, kwa sababu wamezoeshwa kuamini kwamba mwenye fedha ni mmoja na wengine ni wapiga makofi.

Na hapa nawarudia wale wa meza ya magazeti. Mtu anasoma gazeti bila kulinunua, amevaa jezi feki aliyoipata Kariakoo kwa bei ya chee, hajalipia kadi ya uanachama na hana mpango, mechi ya Mkapa anaingoja kibandani ingawa mzunguko ni Sh5,000. Huyo akisema Mo ni bahili, mimi huuliza nani mwenzake. Si kwamba namkejeli. Maisha ni magumu na Sh5,000 ni mlo wa familia. Ila ukiwa mmiliki wa asilimia 51 ambaye hachangii, haulizi na hahudhurii, usishangae mwenye 49 akiendesha nyumba peke yake.

Tazama suala la uwanja. Simba na Yanga, timu zenye zaidi ya miaka 85 kila moja, bado ni wapangaji. Misimu ya karibuni Simba imewahi kucheza uwanja wa KMC pale Mwenge na Yanga imewahi kukaa kwa Azam, Chamazi. Kule Bunju, ukifuata Barabara ya Bagamoyo, kuna viwanja vya mazoezi vya Simba vilivyopewa jina la Mo Simba Arena. Ni kazi nzuri, lakini ni vya mazoezi. Mwishoni mwa 2021 Mo aliita watu wachangie uwanja wenyewe, akaahidi kuanza na Sh2 bilioni. Watu wakapiga makofi. Mei 25, 2025 Simba ilipocheza mechi ya marudiano ya fainali ya Afrika na RS Berkane, ilibidi iende Amaan, Zanzibar, kwa sababu uwanja wa Mkapa haukuwa tayari. Mtu wa Miburani, ambaye Mkapa anauona akifungua dirisha, akapanda boti kwenda kuiangalia timu yake. Ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1.

Wananchi nao wasicheke sana. Katika mkutano mkuu wa Juni 2024 Yanga walisomewa hesabu zilizoonyesha mapato ya zaidi ya Sh21 bilioni na matumizi yaliyoyazidi mapato hayo, na huo ulikuwa mwaka wa ubingwa. Angalau zilisomwa, wakazijadili, wakabishana. Lakini kuna siku GSM atachoka, au biashara itayumba, au atakuja mtu mwingine mwenye mipango mingine, na Yanga inalijua bakuli lilivyo zito kulishika.

Simba nao hufanya mikutano mikuu na husomewa taarifa. Tatizo ni kwamba mkutano ukifika, muda mwingi unakwenda kwenye hamasa. Mtu anasimama, badala ya swali anaimba "Simba nguvu moja", ukumbi unaitikia, anakaa chini ameridhika. Mwenyekiti wa upande wa wanachama, Murtaza Mangungu, amechaguliwa kwa kura, mara ya kwanza 2021 na tena 2023. Yeye ndiye sauti ya hiyo 51. Ni mara ngapi kelele za usajili mbovu zimeelekezwa kwake na kuulizwa bodi imepewa maagizo gani na wenye hisa nyingi? Kelele zote huruka juu ya kichwa chake na kutua kwa Mo, kwa sababu Mo ndiye mwenye pochi, na kijiweni uwajibikaji ni pochi.

Simtetei tajiri. Mtu anayetoa fedha yake hadharani na kuchukua sifa hadharani awe tayari kuhojiwa hadharani, na miaka yote tangu 2017 ni mirefu mno kwa mabadiliko ya kampuni moja kuendelea kuwa habari ya "mchakato". Nembo za vinywaji vyake ziliwahi kukaa kwenye jezi ya Simba. Mwanachama ana haki ya kujua ziliingiza kiasi gani kwenye akaunti ya klabu, kama ambavyo angejua ya mdhamini mwingine. Kama Sh20 bilioni ziko benki, riba yake inajulikana. Kama zimetumika, risiti zipo. Mfanyabiashara wa kiwango chake hashindwi kutoa karatasi mbili.

Lakini karatasi hizo hazitatoka kwa sababu watu wamesikitika kuhusu Tshabalala. Zitatoka zikiombwa na mtu mwenye haki ya kuziomba, kwenye kikao chenye muhtasari, jina lake likaandikwa.

Kwa hiyo, ndugu Mwanasimba wa Tandika na wa Kawe, mkutano mkuu ujao ukitangazwa, nenda. Usiulize atasajiliwa nani dirisha dogo. Uliza zile bilioni 20 ziko akaunti gani, kampuni imesajiliwa kwa hisa zipi, mkataba wa jezi umeingiza shilingi ngapi hadi leo, na dola za CAF zimefanya nini. Wakianza kuimba, subiri waimbe wamalize, kisha uulize tena. Na kadi yako uilipie kabla hujaondoka nyumbani, maana isiyolipiwa haina kura.